Barua kwa mwanangu: kumpenda anayekuchukia

Marangu, Moshi

Mwanangu mpendwa,

Bwana Yesu asifiwe. Ujumbe wako nimeusoma mara tatu. Unasema kwamba tangu ulipokataa kutia saini risiti ya mafuta ambayo hayakununuliwa, wenzako ofisini wanakuita mlokole na kuhama meza unapoketi kula, na unaniuliza kama kumpenda adui ni kunyamaza na kujifanya hukuumia.

Hapana, baba. Bwana wetu alipopigwa kofi mbele ya kuhani mkuu hakujifanya hakuumia; alimuuliza aliyempiga amekosa nini hata apigwe, kama Yohana anavyoeleza katika sura ya 18. Alisema kweli, wala hakurudisha kofi. Kuyashika yote mawili kwa pamoja ni kazi ngumu sana, nami nimeionja.

Unakumbuka baba yako alipofariki. Baba yako mkubwa alitaka kuchinja mbuzi na kumwaga pombe ya mbege kaburini, nami nikakataa kwa ajili ya imani yangu na ya marehemu mwenyewe. Tangu hapo, kila zamu yangu ya maji ilipofika nilikuta mfongo, ule mfereji wa kumwagilia mashamba, umezibwa kwa udongo na magome ya migomba, huku kahawa yetu ikinyauka. Nilikwenda kwa mwenyekiti wa mfongo, nikaeleza yote mbele ya shemeji yangu mwenyewe, bila kuficha na bila kutukana. Lakini siku ya kusafisha mfongo nilishika jembe pamoja na wengine, nikazibua hata kile kipande kinachopeleka maji kwake. Tope lilinifika magotini, naye alisimama ng'ambo akinitazama bila salamu. Usiku ule nililia kwa hasira, sikufichi.

Kilichonisaidia ni kutambua alichokiogopa. Aliamini kwamba bila tambiko mdogo wake angetangatanga huko aliko. Alikuwa akimlilia kwa namna aliyofundishwa na wazee wake. Sikubadili msimamo wangu, ila kuanzia hapo niliweza kumwombea kwa jina lake.

Nilipofundisha shule ya Jumapili niliwasimulia watoto habari za Akeri, kule Meru, ambako wamisionari wawili wa Misheni ya Leipzig ya Ujerumani, Ovir na Segebrock, waliuawa Oktoba 1896 pamoja na Wachaga waliofuatana nao. Watu wa kule walikuwa na sababu ya kuogopa, kwa maana utawala wa Wajerumani ulikuwa umekwisha kufika Kilimanjaro kwa bunduki, na nani angewahakikishia kwamba mzungu wa Biblia si ndugu wa yule wa bunduki? Kisha jeshi la Wajerumani likaja kulipiza kisasi, likaua watu na kuteka ng'ombe. Inanisikitisha hadi leo kwamba tunayakumbuka makaburi ya wamisionari na kuwasahau waliouawa katika kisasi kile, ambacho naamini hakikuwa cha Kristo hata kidogo. Injili ilipata makao Meru pale wamisionari waliporudi na kuanzisha kituo cha Nkoaranga mwaka 1902, wakakaa miongoni mwa watu walewale.

Kwa hiyo usisaini, na ukiulizwa sababu, itaje waziwazi. Lakini huyo anayekutisha kuliko wote, mtazame vizuri: pengine ameshasaini nyingi, ana ada za watoto, na kila akikuona anaona siku atakayofukuzwa kazi. Msalimu kila asubuhi hata asipoitikia. Akifiwa, nenda msibani.

Baba yako mkubwa hakunisalimu hadi anakufa, na sijui alikufa akiniwazia nini. Siku tatu za matanga nilikuwa jikoni kwake nikimenya ndizi, na jioni ya tatu mkewe alikuja akaketi kwenye kigoda kando yangu, akachukua kisu, tukamenya pamoja bila kusema neno. Ukija Pasaka, upite kwake kwanza kabla ya kufika nyumbani. Anakuulizia.

Mama yako