Mwanamke wangu alilia kurasa mia mbili

Juzi msichana mmoja wa Wete kaniandikia: "Shikamoo dada. Naandika riwaya. Nifanyeje mhusika wangu wa kike asifanane na wa vitabu vya zamani?" Marahaba, mdogo wangu. Umenitonesha kidonda.

Mswada wangu wa kwanza ulirudishwa na sentensi moja: msichana wako ni mzuri, basi. Miaka minne naandika watoto wakishalala, malipo yangu "basi"! Aliyeiandika simtaji, lakini sentensi yake naijua kwa moyo kama Alhamdu.

Na kweli alikuwa mzuri. Nywele kiunoni, macho ya kurembua, na kurasa mia mbili za kulia. Sikumtoa hewani. Sisi tuliosoma skuli Unguja tumekulia humo. Katika Utengano ya Said Ahmed Mohamed, ya 1980, Maimuna anafungiwa ndani na baba yake, Bwana Maksuudi. Akitoroka, dunia inamtia kwenye ukahaba. Katika Vuta N'kuvute ya Shafi Adam Shafi, ya 1999, Yasmin anaozwa bado mdogo kwa Bwana Raza, mwenye duka, mtu mzima wa kumzaa. Waandishi wenyewe walikuwa wanawasuta hao wanaume, haki yao niwape. Mie nikaokota uzuri na kufungiwa, masuto nikayaacha palepale.

Nilipovirudia vitabu hivyo kwa hasira, nikaona jambo. Anayenikaa kichwani si Yasmin. Ni Mwajuma, shoga yake wa Ng'ambo, mitaa ile ya mjini Unguja, maskini mwenye maneno yake. Na kwenye Utengano ni Bi Farashuu, yule mkunga mwenye kisasi, mbele ya Maimuna mara kumi. Hawa wana shughuli zao. Wana ulimi. Wanataka kitu, na hawangoji mtu awaletee.

Basi nikamchukua msichana wangu mpaka kwa bibi yangu, uani, nikamsomea sura ya kwanza. Bibi anasuka ukili wa mkeka. Vidole vinakwenda, miyaa inazama kwenye bakuli la maji na kutoka, macho hayapo kabisa mkononi. Nilipofika pale msichana anapoegemea dirisha na kutiririkwa na machozi, vidole vikasimama.

"Huyu anakula nini?"

"Bibi, ana huzuni."

"Nimesikia. Unga kanunua nani?"

Nilinuna siku tatu. Ya nne nikamtoa dirishani, nikamwekea karai la mafuta nje ya mlango wake auze bajia, nikampa na jirani wa kugombana naye.

Kwa hiyo wadogo zangu, mpeni mwanamke kazi. Kazi! Msimpe macho kabla hamjampa mikono. Na wengine wenu mnaojiita watetezi wa wanawake ndio mnaowaliza zaidi, kisha mnadai ndiyo hali halisi. Hali halisi gani? Nani kwenu analia kutwa na chungu kipo jikoni? Mpeni kazi, mpeni deni, mpeni mdomo. Nikisema tena mtanichoka, lakini nasema: kazi.

Wiki iliyopita nimemsomea bibi sura mpya. Safari hii hakusimamisha ukili. Nilidhani nimefuzu, nikafunga daftari.

"Na yule jirani aliyemkopesha mafuta," akauliza, "kalipwa?"

Nilikuwa nimemsahau. Nimerudi sura ya pili.