Tuta Halipandwi na Breki

Pikipiki yangu ya kwanza niliishusha. Mimi ni mfupi, na nikisimama kwenye foleni ya Kengeleni, hapa Mombasa, miguu ilikuwa ikigusa lami kwa ncha za vidole tu. Fundi mmoja akanishauri tuweke shoki fupi nyuma, na zile za mbele azisukume juu kwenye vishikio vyake. Nikakubali. Siku nne nilijiona mfalme.

Siku ya tano nikampakia mama mmoja Kongowea, gunia la viazi katikati yetu, safari ya Mshomoroni. Kwenye tuta la kwanza nikasikia kishindo chini ya nyayo, chuma kikakwaruza, halafu harufu ya oili ikiungua kwenye ekzosi. Nikashuka, nikainama. Pale inapokaa nati ya kumwagia oili palikuwa na ufa, na nyuma yetu mstari mweusi umetufuata barabarani. "Mwanangu, usiiwashe tena hii," yule mama akaniambia. Alisema kweli. Injini isiyo na oili haichukui muda kukwama.

Kipimo kinachoandikwa kwenye karatasi za muuzaji, kutoka ardhini hadi tumboni mwa pikipiki, mara nyingi ni cha pikipiki tupu. Wewe huendi tupu. Chukua futi ya fundi cherehani, msimamishe mwenzako aishike pikipiki wima, utafute kitu kilicho chini kuliko vyote: huenda ni stendi ya katikati, huenda ni ekzosi. Yangu ya sasa ina sentimita 17 ikiwa haina mtu. Nikikaa, 15. Abiria na mzigo wakipanda, 12. Hizo 12 ndizo zangu, na ndizo ninazozichunga.

Na breki huzila hizo 12. Ukibana breki ya mbele, shoki za mbele hubonyea na pua huzama. Sasa fikiria lile tuta jembamba lililosimama kama ukuta, ambalo watu wa mtaa wamejijengea wenyewe kwa mawe na saruji baada ya mtoto kugongwa. Gurudumu la mbele limeshateremka upande wa pili, la nyuma halijapanda, na tumbo la pikipiki linaning'inia juu ya kilele. Ukiwa bado umeshika breki wakati huo, umelikalisha tumbo juu ya tuta kwa mkono wako mwenyewe. Tuta pana halina shida hiyo, maana pikipiki nzima hupanda pamoja.

Kwa hiyo punguza mwendo mapema, barabara ikiwa bado ni tambarare. Ingia gia ya pili, mwambie abiria "shika, tuta", kisha achia breki zote kabla tairi haijagusa. Nyanyuka kidogo juu ya vikanyagio, magoti yalegee. Gurudumu la nyuma likianza kupanda, ongeza moto kidogo tu. Lipande tuta moja kwa moja, usilikate mshazari kama wafanyavyo wenye magari ya chini. Kwa magurudumu mawili, mchanga kidogo au rangi iliyolowa inatosha kukulaza. Ulimi wa feri ya Likoni unapokutana na sakafu ya gati nao uhesabu kuwa ni tuta.

Halafu ule upenyo ulioachwa kando ya tuta, tafadhali, usiupite. Najua kila mtu hupita. Lakini hapo ndipo wanafunzi wanapotembea, na tuta lenyewe liliwekwa kwa ajili yao. Nimeona mtoto akivutwa mkoba na dada yake ili pikipiki ipite, na sijapita tena hapo.

Masika, maji yakituama na kufunika matuta, nenda kwa kukumbuka njia. Kama huikumbuki, fuata gari lililo mbele yako, ulitazame linavyonyanyuka.

Shoki nyingi za nyuma zina pete yenye ngazi inayozungushwa kwa spana ili springi ikaze. Ukibeba mizigo kila siku, panda ngazi moja au mbili. Hapa kwetu chumvi ya bahari huishikisha pete hiyo kutu mpaka haigeuki, kwa hiyo ipake grisi.

Kwa wafupi wenzangu: msishushe. Mbali na tumbo, stendi ya pembeni inakuwa ndefu kupita kiasi, pikipiki inasimama wima mno na upepo tu unaiangusha. Yangu ilianguka mara mbili. Nilirudisha shoki za awali, nikaenda kwa fundi wa viti akachonga sponji sentimita 3 na kupunguza upana wake mbele, mapajani. Nafasi ya chini haikupungua hata kidogo. Sasa mguu wa kushoto unafika chini wote, na wa kulia unabaki juu ya breki ya nyuma.