Kabla ya kuibandika sura ya mtu, mpe aichague

Mara ya kwanza tulipofanya mradi wa picha Keko, mtaa wa mafundi samani jijini Dar es Salaam, tulibandika sura 24 za wakazi kwenye ukuta unaotazamana na karakana za samani. Mwenyekiti wa serikali ya mtaa alitupa barua, mwenye ukuta akaridhia, na kila tuliyempiga alikuwa amekubali kupigwa. Kesho yake asubuhi mama lishe mmoja akanivuta pembeni. "Mwanangu, ndiyo umeniweka mbele za watu na kanga ya jikoni?"

Mimi niliipenda mno picha ile: moshi, jua la asubuhi, mikono yake juu ya sufuria. Kwake ilikuwa fedheha. Jioni tuliilowesha maji tukaikwangua, na Jumapili tukarudi. Akaazima kiti cha sebuleni kwa fundi jirani, akaketi na gauni lake la harusini na hereni, hakutabasamu hata kidogo. Hiyo ndiyo tuliyoibandika.

Mtu akikubali kupigwa picha, bado hajakubali ibandikwe. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tangu 2022, kwa hiyo fomu ya ridhaa iwepo, na kwa mtoto asaini mzazi au mlezi. Lakini fomu haimwonyeshi mtu atakavyoonekana. Uswahilini kwetu picha ni kitu cha kupewa: mgeni akifika huletewa albamu wakati chai inachemka. Anayekuja na kamera, akapiga, akatokomea, watu humkumbuka, na atakayemfuata ndiye atakayejibu deni hilo.

Basi rudi ndani ya wiki. Safisha picha tatu ndogo za kila mtu, zitandaze mkekani, kisha kaa kimya. Watoto watacheka, bibi atatoa hukumu, jirani ataitwa. Mara nyingi watachagua ile ambayo wewe ungeiacha. Bandika hiyo hiyo, hata kama moyo unakuuma.

Gundi isikusumbue. Koroga kikombe 1 cha unga wa ngano kwa maji baridi kidogo, mimina kwenye vikombe 4 vya maji yanayochemka, koroga mpaka uwe uji laini, uache upoe. Paka ukutani, laza karatasi, paka tena juu yake. Usibandike wakati wa masika, Machi hadi Mei, kwa maana mvua itakushushia kazi yote. Mwaka 2009, msanii Mfaransa JR alifunika mapaa ya Kibera, Nairobi, kwa picha za wanawake zilizochapwa kwenye turubai lisilopitisha maji, hivyo picha zikawa pia kinga ya mvua. Nimeliwaza sana jambo hilo: picha iliyobaki na kazi nyumbani kwa mwenyewe.

Sisi hatukuwa na fedha za turubai. Lakini mchoraji Edward Saidi Tingatinga, mwaka 1968 hapa hapa Dar, alianza kwa vipande vya hadibodi na rangi ya baiskeli, na Keko mabaki ya mbao hayakosekani. Mradi wa pili mafundi walitukatia vipande, tukabandika picha juu yake, tukavitundika ukutani kwa misumari. Wiki tatu zilipoisha kila mtu alikuja kung'oa chake. Yule mama alikibeba kichwani hadi kwake, na wateja wake wawili wakamfuata na nyundo.