Kabla hujaandika uhakiki mwingine, kamsome Baudelaire

Wengi wakisikia Baudelaire, yule mshairi Mfaransa, wanawaza yale mashairi yaliyompeleka mahakamani Paris mwaka 1857, basi. Mi wenzangu wanaoniuliza waanzie wapi kwenye uhakiki nawaambia waanze na makala zake za sanaa, hasa ile ya Salon ya 1846, maonyesho makubwa ya picha pale Louvre, na kumbuka kaiandika akiwa na miaka 25 tu!

Humo anasema wazi kwamba uhakiki lazima upendelee upande, uwe na shauku, uwe na siasa, ila uwe upande unaokufungulia mambo mengi zaidi ya kuona. Hili ndo limenisaidia kuliko kitu kingine, maana sisi tumezoea kuandika "kazi nzuri ila ina mapungufu" na msomaji anaondoka mikono mitupu.

Ila usimsome kavu kavu. Mi nafungua picha kwenye simu kwanza. Chukua ile ya mchoraji Delacroix ya wanawake wa Algiers, ya 1834, iangalie taratibu, halafu soma Baudelaire anavyoiita kashairi ka ndani ya nyumba, kametulia, kimya, kamejaa vitambaa vya thamani na vikorokoro vya kujipambia, na chini yake huzuni. Rudi kwenye picha sasa, ile huzuni unaiona, na hajatumia hata neno moja gumu la kitaalamu.

Anaposema anamchukia mchoraji Horace Vernet anasema na sababu, kwamba picha zake sio uchoraji kabisa. Sababu ndo ya kuiga pale, ukali peke yake hausaidii mtu.

Ukishazoea nenda kwenye makala ile ya 1863 kuhusu mchoraji Constantin Guys, ambaye hakutaka kutajwa kwa hiyo anaitwa Bwana G. mwanzo mwisho. Kuna sehemu anamwonyesha usiku watu wamelala, kainama mezani anachora yale aliyoyaona mchana, maji ya glasi yanaruka mpaka darini, kalamu anaifutia kwenye shati, mbio mbio kama anaogopa picha zitamtoroka. Hapo umejua anavyofanya kazi bila kuelezewa nadharia yoyote. Na usiruke sura ya vipodozi, anatetea mwanamke kujipaka rangi usoni bila kuificha, eti ni sanaa kamili, mi mpaka leo nabishana nayo.