Mgeni akisema "fine", ummiminie kahawa au umwache?

Barua kadhaa za wiki hii zimeuliza neno moja la Kiingereza, "fine". Nazijibu kwa pamoja.

Nahudumia wageni Mikindani. Nilimuuliza mzungu kama aongezewe kahawa, akajibu "I'm fine". Nikamiminia, akanishangaa. Kwa nini?

Dada, alikuwa anakataa kwa adabu. Ukimuuliza mtu hali yake, "I'm fine" ni kusema hajambo. Ukimkaribisha kitu, maneno yaleyale huwa "inanitosha". Kwa hiyo angalia wewe umeuliza nini. Akitanguliza "no", weka birika chini. Hata kwetu, mtu akikaribishwa ubwabwa akajibu "ahsante" bila kusogea, si amekataa?

Mimi bodaboda, Lindi mjini. Faini ya trafiki na "fine" ya salamu zina undugu?

Zina undugu, kaka, japo moja inauma. Zote zinatokana na neno la Kilatini "finis", yaani mwisho, zikapitia Kifaransa ndipo zikafika Uingereza. Faini ilikuwa malipo ya kumaliza shauri: ukishalipa, yameisha. Ile ya sifa ilikuwa ya kitu kilichofikia ukomo wa ubora. "Finish" na "final" ni za ukoo huohuo, na "finance" pia, maana mwanzo ilihusu kumaliza deni. Kiswahili kilichukua ya adhabu tu, nzuri tukawaachia wenyewe. Basi ukiona kibao cha "parking fine", usidhani unasifiwa kwa kuegesha vizuri.

Nachonga vinyago vya mpingo, Mtwara. Karatasi ya msasa imeandikwa "fine", na mteja naye amekiita kinyago changu "a fine piece". Amesema ni chembamba?

Hapana fundi, amekusifu kweli. Kwenye msasa maana yake ni laini, chembe zake ni ndogo. Namba ya msasa ikipanda, ulaini unazidi. Mchanga, unga na chumvi husemwa hivyohivyo. Kwa kazi ya mikono, "fine" ni sifa ya ustadi, na wala si ndogo. Mteja wa namna hiyo usimpunguzie bei haraka.

Niko kidato cha pili, Nachingwea. Ni "more fine" au "finer"?

"Finer". Ila kwa afya iliyopata nafuu, andika "better".

Bosi wangu, mgeni kutoka Uingereza, nilimwomba ruhusa kwa ujumbe. Akajibu "Fine." na nukta. Amekasirika?

Huenda, na huenda ana haraka tu. Ana kwa ana sauti ingekwambia, kama "haya" yetu: kuna "haya" ya kukubali, na kuna "haya bwana" ya mtu aliyechoka kubishana. Kwenye simu nukta baada ya neno moja huwakalia vibaya baadhi ya wasomaji, lakini watu wazima wengi huiweka kwa mazoea ya shule. Ruhusa umepata, nenda. Ukirudi, msalimie uone anavyoitikia.