Majirani Wapo, Lakini Hakuna Anayebisha Hodi

Swali: Mama Mshauri, shikamoo. Mimi ni binti wa Ujiji, muuguzi kwa taaluma, na sasa nafanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee kwenye mji mdogo kaskazini-magharibi mwa Ujerumani, mwendo mfupi kwa treni kutoka Papenburg. Kazi yenyewe sina malalamiko nayo: lugha niliisoma mpaka daraja la B2, cheti changu kimetambuliwa, na wazee ninaowahudumia wananipenda. Kinachonishinda ni maisha nje ya kazi. Ninaishi katika jengo lenye familia sita, na tangu nihamie hakuna aliyebisha hodi kwangu, hata kuniuliza natoka wapi. Mtu pekee aliyewasiliana nami alibandika karatasi mlangoni, akanieleza kwamba chupa hazitupwi kwenye kontena siku ya Jumapili. Siku yangu ya kuzaliwa ilipofika, wenzangu kazini waliijua, kwa kuwa imeandikwa kwenye kalenda ya chumba cha wauguzi, lakini hakuna aliyeleta chochote. Walinipa mkono tu wakaendelea na shughuli zao. Jumapili nisipokuwa na zamu hulala mchana kutwa. Je, watu hawa wananichukia, au mimi ndiye nisiyejua kuishi na watu?
*Muuguzi wa Ujiji*

Jibu: Marahaba, mwanangu. Nianze na swali lako la mwisho, kwa kuwa naona ndilo linalokutesa: hawakuchukii, wala hujashindwa kuishi na watu. Umetoka mahali ambapo watu humjia mtu bila kuitwa, ukaingia mahali ambapo kumjia mtu bila kuitwa ni kumsumbua. Ujiji ukikaa barazani jioni, kabla jua halijazama umeshapata habari za mtaa mzima, na jirani aliyeishiwa chumvi ataingia mpaka jikoni. Huko uliko, nyumba ya mtu ni faragha yake, na anayetaka kumtembelea mwenzake hupanga naye siku na saa kwanza. Majirani zako wanapopita mlangoni pako kimya, kwa hesabu yao wanakuheshimu. Ubaya wa heshima ya namna hiyo ni kwamba mgeni anaweza kukaa mwaka mzima akingoja hodi isiyokuja, huku wenyeji wakidhani kwamba anapenda kukaa peke yake. Anayepaswa kuanza ni wewe, na karibu kila jambo uliloniandikia linatokana na hilo.

Tuitazame siku yako ya kuzaliwa. Kwa desturi ya Wajerumani, mwenye siku ndiye anayeleta keki kazini. Wenzako walipokupa mkono walikuwa wametimiza sehemu yao, na sina shaka kwamba wapo waliochungulia meza ya chumba cha mapumziko wakashangaa kuiona tupu. Nawe utakapompongeza mwenzako, ngoja siku yenyewe ifike, kwani wengi huko huamini kwamba pongezi za mapema huleta mkosi. Hata hivyo hujachelewa. Mfanyakazi mpya naye, akishazoea kidogo, huwaandalia wenzake kitu cha kula kama namna ya kujitambulisha, na hakuna atakayehesabu miezi. Pika maandazi ya iliki, uyapeleke siku ambayo zamu ina watu wengi, na uweke kando yake karatasi yenye jina lako na orodha ya vitu vilivyomo, kwa sababu wapo wenye mzio na hawatagusa wasichokijua. Nimeyachagua maandazi kwa makusudi: wao pia wanavyo vitafunio vya unga wa ngano vya kukaanga, na mtu akionja kitu kinachofanana na cha mama yake huanza kuzungumza mwenyewe.

Karatasi ya mlangoni imekuumiza, nami naelewa. Kwetu mzee angekuita pembeni, akakusalimu, akakuuliza habari za nyumbani, ndipo akakueleza habari ya chupa. Lakini Jumapili ya Ujerumani ni jambo zito kuliko unavyodhani: mapumziko ya siku hiyo yanalindwa na Katiba yao ya mwaka 1949, ambayo iliyachukua kutoka katika Katiba ya mwaka 1919. Ndiyo sababu maduka karibu yote hufungwa, isipokuwa vituo vya mafuta, maduka ya stesheni kubwa na baadhi ya wauza mikate kwa saa chache, na ndiyo sababu mlio wa chupa zikivunjika ndani ya kontena humkera mtu kana kwamba umempigia ngoma dirishani. Kimya hutakiwa pia kila usiku, kwa kawaida kuanzia saa nne hadi saa kumi na mbili asubuhi. Omba kanuni za nyumba kutoka kwa mwenye jengo, uzisome na kamusi mkononi, kwa kuwa humo ndimo utakapojua saa za mashine ya kufulia, aina za mapipa ya taka na, katika baadhi ya majengo, zamu ya kufagia ngazi. Chupa za plastiki za maji na soda usizitupe kabisa, kwani nyingi zina amana ya senti 25 ambayo hurudishwa dukani.

Baada ya hapo, chagua siku ya kazi, mnamo saa kumi na moja jioni, ubishe hodi kwa jirani wa mlango wa karibu ukiwa na sahani ndogo. Mwambie jina lako, unakofanya kazi na mji uliotoka, umshukuru kwa subira yake, kisha urudi kwako. Usishangae usipokaribishwa ndani siku hiyo. Na asubuhi kila unayekutana naye ngazini umsalimu kwanza. Katika sehemu hizo za kaskazini salamu ya «Moin» inafaa asubuhi, mchana na jioni, na haichagui mdogo wala mkubwa.

Jambo linalonitia wasiwasi kuliko yote ni kulala kwako Jumapili kutwa. Kigoma jua huchomoza na kuzama karibu na saa moja, mwezi wowote wa mwaka, na mwili wako ulizaliwa katika mpangilio huo. Huko uliko, mwezi wa Desemba jua huchelewa kuchomoza mpaka karibu saa tatu kasorobo, na ikifika saa kumi na robo alasiri limeshazama. Ukilala mchana wa Jumapili, unaiamkia giza, na Jumatatu unaingia zamuni kabla hapajapambazuka. Nakuagiza, mwanangu, kama ambavyo ningemwagiza binti niliyemzaa: kati ya saa tano na saa nane mchana uwe nje, hata kama kuna mawingu, hata kama ni kwa kutembea tu kando ya mfereji. Majira ya baridi jua la huko ni dhaifu mno kuuwezesha mwili kutengeneza vitamini D ya kutosha, na ngozi nyeusi inahitaji jua zaidi ya ngozi nyeupe. Kwa hiyo muombe daktari wako akupime kabla ya kununua vidonge. Nawe ni muuguzi, unazijua dalili: kama huzuni, usingizi usio na kipimo na kukosa hamu ya kula vitapita wiki mbili, panga miadi na daktari wa familia na umweleze hivyo hivyo ulivyonieleza mimi. Bima yako inagharimia, na hakuna aibu yoyote ndani yake.

Kuhusu kupata watu wa kukaa nao, Wajerumani urafiki wao wameuweka kwenye vyama. Kila mji mdogo una chama cha kwaya, cha michezo, cha bustani, cha zimamoto la kujitolea. Watu hukutana siku ile ile, saa ile ile, miaka nenda rudi, na urafiki hujengeka polepole kwa kukutana huko. Chagua kimoja tu, kinacholingana na ratiba yako ya zamu, na usikiache kabla ya kumaliza msimu mmoja, kwa kuwa miezi ya kwanza utajiona huna maana pale.

Unayo pia hazina ambayo pengine hujaitambua. Meli ya MV Liemba, ambayo kila mtu wa Kigoma anaijua, ilijengwa hapo Papenburg mwaka 1913, katika kiwanda cha Meyer, ikiitwa wakati huo Graf von Götzen. Ilifunguliwa vipande vipande, ikapakiwa katika maelfu ya makasha, ikavuka bahari hadi Dar es Salaam na kufika Kigoma kwa reli, ambako mafundi waliotoka Papenburg waliiunga upya na kuishusha majini mwaka 1915. Wajerumani wenyewe waliizamisha mwaka 1916, Waingereza wakaiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza kazi tena kwa jina la Liemba. Wazee unaowahudumia, wakiwa watu wa eneo hilo, huenda wanaijua hadithi hii kwa upande wa kiwandani. Waeleze wewe upande wa ziwani: abiria, magunia ya dagaa, safari ya kusini kuelekea Kasanga na Mpulungu. Wala usiwafichie kwamba iliwekwa ziwani kwa ajili ya utawala wa kikoloni na vita. Mazungumzo ya kweli huanzia kwenye mambo kama hayo.

Kwa chakula sina mengi. Nyama ya halali utaipata kwa wauzaji wa Kituruki, unga wa muhogo na mawese utavipata katika maduka ya Kiafrika ya miji mikubwa, na ukikaanga samaki wakavu fungua dirisha wazi kabisa lakini mlango wa kuelekea ngazini uufunge.

Swali: Mama Mshauri, salaam. Mwanangu wa kiume anafanya kazi Bremen, Ujerumani. Mwanzoni alipokea simu kila nilipompigia. Siku hizi hapokei mchana, na fedha anazotuma ni pungufu ya tulivyotarajia, ingawa mshahara wake tuliuona kwenye mkataba. Ndugu zake wanasema amebadilika. Nifanyeje?
*Mama wa Mwanga, Kigoma*

Jibu: Shikamoo, mama yangu. Kabla ya kusema kijana amebadilika, tazama kwanza saa yake. Majira ya baridi Ujerumani iko nyuma yetu kwa saa mbili, na kuanzia Jumapili ya mwisho ya Machi hadi ile ya mwisho ya Oktoba iko nyuma kwa saa moja, kwa kuwa wenzetu husogeza mishale. Unapompigia saa tisa alasiri yuko katikati ya kazi, na sehemu nyingi za kazi huko haziruhusu simu mkononi.

Mshahara mliouona kwenye mkataba ni ule usiokatwa. Pensheni peke yake humchukulia asilimia 9.3, kisha hufuata bima ya afya, bima ya matunzo, bima ya kukosa kazi na kodi ya mapato, na asiye na mke wala mtoto hukatwa zaidi. Mwenye mshahara wa kawaida hubaki na karibu theluthi mbili, na humo ndimo inamotoka kodi ya nyumba. Nakuomba uwaeleze hivyo ndugu zake, wewe mwenyewe kwa kinywa chako, kwa sababu akisema yeye wataona anajitetea.

Kubaliana naye siku moja ya wiki na saa moja ya kuzungumza, kwa mfano Jumapili saa mbili usiku kwa saa za Kigoma, na kiasi kimoja cha kutuma ambacho anakiweza kila mwezi, badala ya maombi yanayokuja kila siku kutoka kwa watu tofauti. Katikati ya wiki mtumie ujumbe wa sauti, atausikiliza akitoka kazini. Na mwombe akuachie namba ya simu ya mahali anapofanyia kazi, iandikwe kwenye daftari la nyumbani na itumike kwa ugonjwa mkubwa au msiba tu.