Spika Zikivuma, Msikate Waya wa Athi

Wadogo zangu mliojiunga na benchi letu hapa Kondele, jana nilimkuta mmoja wenu akiifungua plagi ya kompyuta ya mteja huku spika zikivuma pembeni, na kabla hajalishika koleo nilikwishajua anataka kukata nini: waya wa athi, ule unaopeleka umeme ardhini. Basi someni haya kabla ya kugusa mashine nyingine.

1. Tundu la kijani ndilo la spika. La waridi ni la maikrofoni na la buluu ni la kuingizia sauti. Spika zikiwa kimya, hakikisheni kwanza kwamba Windows haipeleki sauti kwenye skrini kupitia waya wa HDMI.

2. Spika isiyo na amplifaya, yaani kikuza sauti, haiendeshwi na tundu lililotengenezewa hedifoni. Aliyeifunga spika ya matatu moja kwa moja kwenye waya wa jeki anajijua, na muziki alioupata haungemwamsha hata mende.

3. Mvumo. Kompyuta na amplifaya zenye plagi za pini tatu, zikichomekwa kwenye soketi mbalimbali, huwa na njia mbili za kwenda ardhini, na waya wa sauti unapoziunganisha, mzunguko unakamilika. Umeme mdogo wa 50 Hz hupita humo, nasi tunausikia. Nilipokuwa mgeni kama ninyi, nilikwenda kwa mama mmoja wa Migosi, nikakata waya wa athi, ule wa kijani na manjano, ndani ya plagi ya kompyuta yake, mvumo ukanyamaza, akanilipa, nami nikaondoka nikijiona fundi. Sikujua kwamba tangu hapo kompyuta ile ilitegemea waya mwembamba wa spika kama athi yake. Siku alipouchomoa ili apanguse vumbi, akiwa miguu mitupu kwenye sakafu ya saruji, aligusa kasha la chuma. Kapasita, vile vijenzi vidogo vya kichujio ndani ya pawa saplai inayoipa kompyuta umeme, huliacha kasha lisilo na athi likielea kwenye takriban nusu ya 240 V zetu. Mkondo wake ni mdogo, lakini mkono huusikia. Alinipigia simu: "Fundi, mashine yako inauma." Nilirudi nikaunga waya huku amesimama nyuma yangu, na chai aliyonikaribisha siku ya kwanza sikuiona tena. Lau pawa saplai ingeharibika na kulipelekea kasha umeme wenyewe, asingepiga simu.

Kwa hiyo, chomekeni mashine zote mbili kwenye ekstensheni moja, na mara nyingi mvumo hutulia. Ukikaidi, wekeni kwenye waya wa sauti transfoma ndogo ya kutenganisha, inayopitisha sauti bila kuunganisha nyaya za pande mbili. Kwa leptopu, chomoeni chaja: mvumo ukitoweka, chanzo mmekipata.

4. Punguzeni sauti kabla ya kuchomeka jeki.

Transfoma hizo zimo kwenye droo ya chini, karibu na chupa ya spiriti. Atakayechukua ya mwisho aniambie siku hiyohiyo, si mteja anapokuwa mlangoni.